Studio ya nyumbani kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vifaa na programu

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kurekodi sauti, gitaa, kaswida au kipindi cha mazungumzo chumbani kwake, si kufungua studio ya biashara. Tukisema "saundi kadi" tunamaanisha kile kiboksi cha nje kinachochomekwa kwa USB. Tukisema "maiki" ni kipaza sauti.

Pesa yangu ni kidogo. Ninunue kipi kwanza?

Fuata njia ya sauti yenyewe. Inatoka mdomoni, sehemu yake inagonga ukuta na kurudi, inaingia kwenye maiki, inapita kwenye waya, inafika kwenye saundi kadi, inaingia kompyuta, mwisho inatokea masikioni mwako. Palipo pabovu mwanzoni hapatengenezeki mbele ya safari. Hakuna plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti ndani ya programu ya kurekodi) inayoondoa vizuri mwangwi wa chumba chenye vigae, na hakuna inayorudisha sauti iliyopasuka kwenye saundi kadi.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu: kwanza utulize chumba, maana huko utatumia magodoro na mablanketi uliyonayo. Kisha saundi kadi yenye tundu la XLR (la pini tatu, la maiki), maiki moja ya dainamiki (aina tunayoieleza chini), hedifoni za kufunika masikio, waya wa XLR wa mita 3, stendi na pop filta (kichujio cha pumzi ya mdomo). Spika za studio zisubiri. Kinanda cha MIDI, kile cha kupigia ala za ndani ya kompyuta, nacho kisubiri, isipokuwa kama kazi yako hasa ni kutengeneza midundo.

Watu wengi huanza kinyume: maiki ya bei kubwa, halafu pesa ikaisha, maiki ikashikwa mkononi kwa kukosa stendi.

Kompyuta yangu inatosha?

Kurekodi sauti moja juu ya mdundo uliokwisha tengenezwa ni kazi nyepesi. Laptopu ya miaka kumi nyuma inaiweza. Kinachokula nguvu ni vinanda vya ndani ya programu na plagini nyingi zikifanya kazi pamoja. Lenga RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, GB 16 kama unatengeneza midundo, na diski ya SSD. Kama una laptopu ya mtumba yenye diski ya zamani ya kuzunguka, kubadilisha diski kuwa SSD kutakusaidia kuliko kununua maiki mpya, na fundi wa mtaani huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia ni kelele ya feni. Laptopu inayovuma itasikika kwenye kila rekodi. Iweke mbali, mita 2 hivi, nyuma ya maiki na si mbele yake.

Saundi kadi ni ya lazima? Laptopu si ina tundu la maiki?

Tundu lile limetengenezwa kwa maiki ndogo za kuongelea na simu. Halina umeme wa volti 48 ambao maiki za kondensa zinahitaji, kipaza nguvu chake kina mshindo wa "shhh", na draiva yake (programu inayokiunganisha kifaa na kompyuta) huchelewesha sauti.

Kwa anayeanza, Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki na moja la gitaa. Scarlett 2i2 ina matundu mawili ya maiki. Kwa upande wa bei nafuu ziko za Behringer, na hapo angalia vizuri namba: UMC22 na UMC202HD zinafanana sura, lakini UMC22 hurekodi kwa biti 16 na inategemea draiva ya kuazima kwenye Windows, wakati UMC202HD ina matundu mawili ya maiki, biti 24 na draiva yake yenyewe. Tofauti ya bei ni ndogo, na inafaa kuilipa.

Ukiwa peke yako, tundu moja la maiki linatosha. Kama utahoji mtu ana kwa ana, au utarekodi sauti na gitaa la kavu kwa pamoja, chukua mawili tangu mwanzo.

Nimeona kifurushi cha maiki ya BM-800 na saundi kadi ya V8 kwa bei ya kutupa. Vipi?

Ndiyo kifurushi kinachouzwa zaidi kwa wanaoanza na ndicho kinacholeta maswali mengi zaidi. V8 ilitengenezwa kwa watu wa matangazo ya moja kwa moja mtandaoni. Ndiyo maana ina vitufe vya makofi, vicheko na kubadilisha sauti. Kwa kurekodi wimbo haikupi unachohitaji.

Maiki yenyewe si mbaya kama inavyosemwa. Tatizo ni ule waya unaokuja nao, XLR upande mmoja na pini ndogo ya hedifoni upande wa pili. Waya huo haupitishi volti 48. Maiki inalishwa volti chache tu, sauti inatoka dhaifu, unapandisha levo, na kelele inapanda nayo. Ukiwa tayari unayo BM-800, nunua saundi kadi halisi na waya wa XLR kwa XLR, washa 48V, kisha isikilize upya. Mara nyingi mtu husema amebadilishiwa maiki.

Kondensa au dainamiki?

Hapa ndipo ushauri wa video za Ulaya na Marekani unapowapoteza watu wa kwetu.

Kondensa ina utando mwepesi sana na inasikia kila kitu: pumzi, mate, na pia bodaboda, jenereta ya jirani, jogoo, panga boi na mwangwi wa ukuta wa tofali za saruji. Ndani ya chumba kilichotulizwa inatoa sauti ya wazi yenye hewa juu. Audio-Technica AT2020 na Rode NT1 ni mifano mizuri ya anayeanza.

Dainamiki ina koili nzito kidogo nyuma ya utando, kwa hiyo inahitaji sauti kubwa na ya karibu ili ifanye kazi. Ukiiimbia kutoka sentimita 5 mpaka 10, sauti yako inakuwa kubwa kuliko ya chumba kwa mbali sana. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, bado ni jibu letu la kwanza kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga yenye sakafu ya vigae na madirisha ya vioo vya kukunja. Haihitaji 48V, ikianguka haifi, na siku ukialikwa jukwaani unaenda nayo.

Kipimo rahisi: simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali. Ukisikia "tring" ya chuma ikifuata kofi, chukua dainamiki. Kofi likikatika lenyewe bila mkia, kondensa itakufaa.

SM7B je? Kila mwenye podikasti anayo.

Ni maiki nzuri, lakini ni dhaifu kwa pato: kwa mtu anayeongea kawaida inahitaji geini (kiasi cha kukuza sauti) ya takriban desibeli 60, na saundi kadi nyingi za bei nafuu zikifika huko zinaanza kuvuma. Ndipo mtu analazimika kununua kikuza sauti cha kati. Kwa pesa hiyo yote ungepata SM58, saundi kadi, hedifoni na magodoro mawili.

Nitaijuaje SM58 feki?

Maiki hii inaigwa kuliko karibu nyingine zote. Halisi ina uzito wa gramu 298. Ipime kwenye mizani ya jikoni. Feki nyingi ni nyepesi, au zimetiwa uzito hadi hazilingani. Tazama pini tatu za chini: kwenye halisi kuna namba 1, 2 na 3 pembeni ya pini. Fungua kichwa cha wavu: kinatakiwa kujifungua kwa mizingo laini isiyokwaruza. Na bei inasema mengi. Mpya huuzwa takriban dola 100 Marekani. Ukiuziwa mpya kwa robo ya hiyo, umeshajibiwa.

Maiki ya USB haitoshi?

Kwa podikasti ya mtu mmoja au masomo ya mtandaoni, inatosha kabisa, na inakuokolea pesa ya saundi kadi. Ubaya wake unakuja unapokua. Maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja kila moja ina saa yake ya ndani, na programu nyingi kwenye Windows hukubali kifaa kimoja tu kwa wakati. Hata ukizilazimisha zikubali, baada ya dakika 30 sauti ya mgeni inaweza kuwa imeachana na yako.

Ziko maiki za njia mbili, zenye USB na XLR pamoja, kama Samson Q2U. Kwa asiyejua ataishia wapi, hizo ni akili.

Trei za mayai ukutani zinasaidia?

Hapana. Trei ni karatasi nyepesi. Inatawanya kidogo sauti za juu na kuacha zote za kati na chini zilivyo. Ongeza kwamba inashika moto haraka, ukutani juu ya nyaya za umeme.

Kwanza tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuzuia sauti isiingie wala kutoka ni kazi ya uzito na kuziba nafasi: ukuta mnene, mlango mzito, mpira kwenye fremu. Kwenye nyumba ya kupanga huwezi kuifanya, na mvua ikinyesha juu ya bati hakuna sponji itakayokuokoa, subiri ikatike. Kutuliza sauti ndani ya chumba ni kazi nyingine kabisa, nayo unaiweza leo jioni.

Unene ndio kila kitu. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, la hezi 100 lina mita 3.4. Sponji nyembamba za sentimita 2.5 zinazouzwa zikiwa na umbo la piramidi hushika "s" na "ch" tu. Ukizijaza chumba kizima unapata sauti iliyofifia juu na inayovuma chini, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Hiyo ni mbaya kuliko chumba kitupu.

Godoro la sponji la inchi 6 linafanya kazi kuliko mapambo hayo yote. Na sehemu ya kuliweka ni kinyume na watu wanavyodhani. Maiki nyingi husikia mbele yake, yaani upande wako wewe, na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo simamisha magodoro mawili kwenye kona yakiwa na umbo la V, wewe simama mgongo ukiwa ndani ya V, uso ukitazama katikati ya chumba na maiki ikikutazama wewe. Usijibane kabisa kwenye kona; acha nusu mita kati ya mgongo na magodoro. Tupa blanketi zito juu ya kichwa chako kati ya magodoro hayo kama dari. Piga kofi tena. Ile "tring" imeondoka.

Kama huna magodoro ya ziada, ning'iniza mablanketi mazito matatu kwa pamoja, sentimita 10 kutoka ukutani na si yakigusana nao. Khanga na kitenge ni vyepesi mno, sauti inapita kama hazipo. Kabati la nguo lililojaa, milango wazi, nyuma yako, ni zuri sana.

Ukitaka vya kudumu, mwambie seremala atengeneze fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina cha sentimita 10, zijazwe pamba ya miamba na kufunikwa kitambaa kinachopitisha pumzi. Paneli sita zinabadilisha chumba cha kulala cha kawaida. Fundi avae barakoa na glovu akikata pamba hiyo.

Programu gani ya kurekodi?

Programu zote kubwa hutoa sauti ileile. Unayoijua wewe na rafiki yako wa karibu, ili uwe na wa kumuuliza, ndiyo bora.

Kwa asiye na pesa tunaanza na Reaper. Ni ndogo, inashuka hata kwa bando dogo, inafanya kazi kwenye kompyuta dhaifu, na unaitumia siku 60 ikiwa kamili bila kukatwa kitu. Leseni ya mtu binafsi na biashara ndogo ni dola 60. Ubaya wake: inapofunguka inaonekana kama jedwali la hesabu, na haina vinanda vya kuvutia ndani. Ukiwa na Mac au iPhone, GarageBand ni ya bure na imejaa ala. Audacity ni ya bure pia. Kwa mahubiri, podikasti na kukata sauti inatosha, ila kwa wimbo wa treki 20 (tabaka 20 za sauti) utachoka nayo.

FL Studio, ya Image-Line ya Ubelgiji, ndiyo wengi wa watengenezaji midundo wa vijana wanaifahamu. Kwa kupanga ngoma na kinanda ni ya haraka mno, na ukiinunua mara moja unapata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Mambo mawili ya kuangalia. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipe, kwa hiyo usiihifadhi nyimbo ya mteja humo ukalala. Na matoleo hayalingani: kwa miaka mingi toleo la chini kabisa, Fruity, halikurekodi sauti ya mtu. Soma jedwali la matoleo kabla ya kulipa. Anayeimba kwa kawaida anahitaji Producer.

Nikitumia kraki, yaani programu iliyovunjwa ulinzi ili isilipiwe?

Haki za watu tuziache pembeni kidogo, tuongee kiufundi. Faili la kraki hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kulifungua, na mwenye kulitengeneza hakufanya hivyo kwa huruma. Likishaingia, programu huzima ghafla katikati ya kazi, plagini hupotea, na ukisasisha Windows kila kitu kinakufa. Reaper ya siku 60 na plagini za bure kama TDR Nova ya kusawazisha sauti, Valhalla Supermassive ya mwangwi, kinanda cha Vital na mkusanyiko wa LABS wa Spitfire Audio zinamaliza wimbo mzima.

Naweza kuanza na simu tu?

Ndiyo. BandLab inapatikana bure kwenye Android, iPhone na kivinjari. Saundi kadi nyingi za USB zisizohitaji draiva zinakubali pia simu za USB-C kwa waya wa OTG (wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu). Kama simu inashindwa kuilisha umeme, itawaka na kuzimika, au simu itaandika kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi. Dawa ni hub ya USB yenye adapta yake. Kabla ya kurekodi weka simu kwenye hali ya ndege, vinginevyo ujumbe wa mwenye deni utaingia ndani ya kiitikio.

Nikiimba najisikia kwa kuchelewa. Shida ni nini?

Ni bafa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuichakata. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, ya 512 ni 11.6, ya 1,024 ni 23. Na hiyo ni ya kwenda tu, kurudi kunaongeza kiasi hichohicho na zaidi. Ukivuka milisekunde 15 hivi kwa jumla, mwimbaji anaanza kuburuzika nyuma ya mdundo bila kujua kwa nini.

Ukiwa unarekodi weka bafa 128 au 64. Ukiwa unamiksi (unachanganya treki zilizokwisha rekodiwa) ipandishe mpaka 1,024 ili kompyuta ipumue. Kwenye Windows hakikisha ndani ya programu umechagua draiva ya ASIO (aina ya draiva isiyochelewesha sauti) ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako. ASIO4ALL ni ya kuazima tu pale kampuni haikutoa yake.

Njia ya mkato ni kitufe cha kujisikia moja kwa moja kwenye saundi kadi yenyewe, ambacho hukupelekea sauti masikioni kabla haijaingia kompyuta. Ukikiwasha, zima kujisikia ndani ya programu. Visipozimwa kimojawapo utajisikia mara mbili, kama uko kwenye korongo, na hilo ndilo kosa tunaloulizwa kila wiki.

Na hedifoni za bluetooth zisitumike kamwe kurekodi. Ucheleweshaji wake hufika milisekunde 100 na kuendelea, na hakuna mpangilio unaouondoa.

Geini niiweke wapi?

Imba kipande chako kikali zaidi, si cha kupimia. Panda mpaka kilele kiguse kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita ya programu, uache hapo. Watu huimba kwa nguvu zaidi taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka, na hiyo nafasi ya juu ndiyo itakayokukinga. Usiogope sauti kuonekana ndogo. Kwa biti 24 unaikuza baadaye bila kelele. Ikigusa sifuri inapasuka, na kilichopasuka kimekatika vilele vyake, huwezi kuvirudisha.

Weka biti 24. Kwa muziki 44,100 inatosha. Kazi ya video itumie 48,000. Treki moja ya mono kwa 44,100 na biti 24 hula kama MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 ni MB 640 kabla hujarudia mara ya pili, nawe utarudia.

Pop filta lazima ninunue?

Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya kitanzi cha waya mgumu inafanya kazi ileile. Iweke sentimita 5 mpaka 10 mbele ya maiki, wewe uwe sentimita 15 mpaka 20 kutoka kondensa. Kama "p" na "b" bado zinapiga kishindo, igeuze maiki kidogo pembeni ya mdomo ili pumzi ipite kando yake.

Kuna mvumo wa "mmmm" kwenye rekodi. Unatoka wapi?

Mvumo mzito usiobadilika ni umeme wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Ukiondoka, soketi yako haina ethi nzuri au chaja ni ya bandia. Mwite fundi umeme apime ethi. Kukata pini ya ethi kwenye plagi huondoa mvumo, na pia huondoa kitu pekee kinachokukinga usipigwe shoti na maiki iliyo mdomoni. Usifanye.

Mlio mwembamba wa "ziii" unaobadilika ukisogeza kipanya ni uchafu wa USB. Badilisha tundu, ondoa hub. Ule wa "ti-ti-ti, ti-ti-ti" ni simu iliyolala karibu na waya, isogeze. Na "shhh" ya kudumu ni geini iliyopanda sana kwa sababu uko mbali na maiki.

Umeme unakatika mara kwa mara. Nifanyeje?

Hapa laptopu ina faida juu ya kompyuta ya mezani: betri yake ni UPS. Ya mezani inunuliwe UPS ya VA 650 au zaidi, si ya kuendelea kufanya kazi bali ya kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Washa uhifadhi wa kujiendesha kila dakika 5. Umeme ukikatika chomoa kila kitu ukutani, kisha subiri dakika chache baada ya kurudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi na kishindo.

Kifaa ulicholetewa kutoka Marekani kisome kwanza kwenye adapta. "100-240V, 50/60Hz" kinachomekwa kwetu bila shida, kinahitaji plagi tu. "120V" peke yake kinahitaji transfoma ya kushusha. Wanaoungua zaidi ni spika zenye umeme wake, maana adapta iko ndani na maandishi yako nyuma, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Hedifoni au spika?

Hedifoni, na ziwe zile zilizofungwa nyuma. Za nyuma wazi zitamwagia mdundo kwenye maiki. Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M40x ni za kuaminika. Beyerdynamic DT 770 Pro ni nzuri, lakini chagua ya omu 80 au 32. Ya omu 250 saundi kadi ndogo inaishindwa na utaisikia kwa mbali.

Spika ndani ya chumba kisichotulizwa zitakudanganya hasa kwenye besi. Miksi kwa hedifoni, kisha sikiliza kwenye gari, kwenye simu na kwenye kiredio cha jikoni.

Nataka kurekodi gitaa, udi au dufu.

Gitaa la umeme: waya wa pini ya inchi robo moja kwa moja kwenye saundi kadi, kitufe cha INST kiwe kimewashwa. Kisipowashwa sauti itatoka butu, bila ncha.

Gitaa la kavu: maiki sentimita 25 hivi, ikilenga pale shingo inapoungana na tumbo, karibu na freti ya 12. Usilenge tundu, ndilo linalotoa mvumo. Udi vilevile, umbali huohuo, ila maiki ilenge kati ya tundu kubwa na daraja la nyuzi, kisha isogeze kidogo kidogo ukisikiliza kwa hedifoni mpaka mguso wa risha usikike bila kukwaruza. Kondensa inafaa kuliko dainamiki kwa udi, kwa kuwa sauti yake ni ndogo.

Dufu ina kishindo kikali. Rudi sentimita 60 au zaidi, simama kando kidogo ya ngozi, na shusha geini chini kuliko unavyodhani.

Na kwaya nzima?

Chumba cha kulala si mahali pake. Nendeni ukumbini au kanisani wakati wa utulivu, na maiki mbili za kondensa kwenye stendi ndefu juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, mita 2 hivi kutoka kwao. Kama ni lazima iwe nyumbani, rekodi kwa makundi: besi kwanza, kisha tenori, alto, soprano mwisho, kila kundi likimsikia aliyetangulia kwa hedifoni. Waimbaji wanne na hedifoni nne wanahitaji kigawanya hedifoni, kifaa kidogo cha bei nafuu.

Natuma vipi treki zangu kwa prodyuza mwingine?

Toa kila treki kama WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde sifuri hata kama kiitikio kinaanza dakika ya pili, ili akizimwaga kwenye programu yake zipangike zenyewe. Zipe majina yanayoeleweka, "sauti kuu", "kiitikio kushoto", si "Audio 17". Andika mwendo wa wimbo kwa BPM na ufunguo wake, ongeza MP3 moja ya miksi yako ya kuelekeza. Zifunge kwenye zip na utume kwa Google Drive. Kwenye WhatsApp tuma kama hati. Ukituma kama sauti inabanwa na kuharibika njiani.